Kivuli cha Ndege ya Plastiki

Bawa la kushoto lilikuwa limepinda. Mama Meno aliliinua mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akalitazama kama anavyotazama meno ya bandia yaliyorudishwa na mteja mwenye malalamiko. Kisha akamimina maji ya moto kwenye karai la kuoshea vyombo, akalizamisha bawa, akangoja plastiki ilegee, akalinyoosha taratibu kwa vidole gumba, halafu akalitia kwenye maji baridi lisije likarudia ukaidi wake.

"Limenyooka?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Limenyooka."

"Lisinyooke sana. Mabawa ya ile niliyokuwa nikirusha yalikuwa yameinama kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Kapteni akainua mkono wa kushoto, ambao ndio pekee uliobaki kumtii, akauinamisha hewani. Mkono ulitetemeka. Mama Meno akakisia katikati ya mitetemo, akalirudisha bawa kwenye maji ya moto.

Boksi la ndege ile lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao. Kapteni alilinunua akiwa kijana, alipopelekwa nchi za mbali kusomea urubani wa kijeshi, katika duka la vitu vya kuchezea watoto, na wenzake wakamcheka njia nzima. Picha ya juu ya boksi ilionyesha ndege ya jeti inapasua mawingu. Ndani, vipande vya plastiki ya kijivu vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti vyake kama nyama iliyosahauliwa kwenye mifupa ya samaki. Boksi lile lilihama nao nyumba baada ya nyumba, likakaa juu ya kabati baada ya kabati, na halikufunguliwa hata mara moja. Kiharusi kilipomlaza Kapteni upande wa kulia, daktari alisema atafutiwe jambo la kumshughulisha akili. Kapteni hakutaka redio, hakutaka bao.

"Niteremshie lile boksi," alisema. "Nataka niione imesimama."

Mikono yake haikuweza kushika hata kijiko. Kwa hiyo kazi iliangukia mikono ya mkewe, kama zilivyoangukia kazi nyingine zote za nyumba ile. Mama Meno alikuwa fundi wa meno ya bandia. Asubuhi alishinda kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, akichonga, akisugua, akipaka rangi meno ya watu ambao hakuwahi kuwaona wakicheka. Mchana alirudi nyumbani, akamwosha mumewe, akamgeuza, akamlisha, akafua mashuka. Ndipo akakaa mezani na ndege. Hakuwa na hamu nayo. Lakini kazi ndogo ndogo alizijua, na mtu aliyechoka hupumzika kwa kazi anayoijua.

Kwenye maghorofa walimoishi, watu walimwita mumewe Kapteni kwa heshima, kwa kuwa aliwahi kurusha ndege za serikali, na hawakumchukia kwa kuwa siku mtaa wa ng'ambo ya reli ulipochomwa kutoka angani, yeye hakuwa angani. Hadithi hiyo kila mgeni aliisikia. Siku ile Kapteni alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, shavu limevimba kama andazi, anang'olewa jino. Wiki hiyo hiyo alikwenda kutengenezewa jino la bandia, na binti aliyemtengenezea ndiye aliyekuja kumwoa.

"Jino hili," alikuwa akiwaambia wageni, huku akiligonga kwa ukucha, tik tik, "limeniokoa mara mbili. Bila jino hili ningekuwa na damu mikononi, na nisingekuwa na mke."

Wageni walicheka. Mama Meno alileta chai. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi, na shahidi mwenye kuleta chai haulizwi maswali.

Plastiki ilikuwa imezeeka, ikikatwa vibaya inavunjika. Aliikata kwa kisu chake cha kukatia nta, akasugua kingo kwa tupa ndogo ya meno ya mbele. Gundi iliyokuja na boksi ilikuwa imekuwa jiwe, akatumia ya kazini. Palipobaki nyufa kati ya vipande, alijaza ule unga wa rangi ya waridi wanaotengenezea fizi, kwa hiyo ndege ikawa ya kijivu yenye maungio ya fizi. Karatasi ya maelekezo ilisema pua itiwe kitu kizito, la sivyo ndege itakalia mkia. Akaijaza pua kofia za meno za chuma ambazo wenyewe walizikataa.

Kiwiliwili kilipokamilika alikiweka juu ya ukuta wa roshani kikauke. Alimlisha mumewe chakula cha mchana, kisha akatoka na bakuli la maji machafu, ndipo akakiona kivuli chake kimelala uwanjani.

Uwanja huo ulikuwa kati ya maghorofa na reli. Hapakuwa na mti. Miti iliyokuwepo iliungua pamoja na mtaa, na ile iliyopandwa baadaye na viongozi mbele ya wapiga picha ilikufa kwa kiu wapiga picha walipoondoka. Waliounguliwa walipewa uwanja wafanyie biashara, wakaahidiwa pia paa la soko. Uwanja waliupata. Paa lilikuwa bado linakuja.

Kiwiliwili cha ndege, pale ukutani, hakikuzidi mkono wa Mama Meno kutoka kiwiko hadi vidole. Kivuli chake kilikuwa kirefu kama lori na tela lake. Kilianzia kwenye bomba la maji kikaishia kwa fundi viatu, na wauza mboga walikuwa wameshahamia ndani yake na mikeka yao, wamejipanga mstari mmoja mwembamba kama mbegu za bamia. Mama Meno alikisogeza kiwiliwili kidogo ili apate pa kuwekea bakuli. Kule chini kivuli kikahama, na sauti ikapanda.

"Wewe Mama Meno! Acha kama kilivyo!"

Akakirudisha. Akaingia ndani.

"Kivuli chake kimetoka kikubwa," akamwambia mumewe.

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama cha ndege yenyewe."

Kapteni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kwenye boksi waliandika kwamba ni nakala halisi," alisema.

Bawa la kulia lilibandikwa kwanza, kwa sababu la kushoto bado lilikuwa halijakubali kuinama vizuri. Siku hizo mbili tatu uwanjani palikuwa na kelele. Waliokuwa upande wa kulia walikaa kivulini wakanenepa, kama alivyosema fundi viatu, na wa kushoto wakaendelea kubabuka. Wakaja chini ya roshani, mikono viunoni.

"Mama Meno, sisi wa huku tumekukosea nini?"

"Bawa lenu liko kwenye maji," aliwajibu. "Mvumilie."

Walivumilia. Bawa la kushoto liliponasa, uwanja wote ukapoa. Mkia uliwafikia wauza vitunguu. Magurudumu yalitoa vivuli vya duara, na akina mama wakalaza watoto wao wachanga humo. Hakuna aliyeuliza mambo mengi. Fundi viatu alisema kivuli ni kivuli, na kama kingekuwa cha ng'ombe wangekaa vilevile, ila ng'ombe angehama.

Chini ya mabawa palikuwa na matundu ya kuning'inizia mabomu. Mabomu yenyewe yalikuwepo bado kwenye vijiti vyake, madogo kama mbegu za papai zilizokauka.

"Hayo weka kando," Kapteni alisema.

"Yako kwenye maelekezo."

"Yaweke kando, mke wangu."

Akayaweka kando, kwenye kopo la pamba. Akatafuta rubani. Mahali pa rubani kwenye vijiti palikuwa na kikonyo kilichovunjika, na ndani ya boksi hakuwemo.

"Atakuwa alidondoka tulipokuwa tunahama," alisema Mama Meno.

"Alidondoka," Kapteni alikubali.

Kwa hiyo kiti kiliachwa kitupu, na juu yake kikabandikwa kifuniko cha kioo kilichokuwa kimegeuka manjano. Mama Meno alikisugua kwa dawa ya kung'arishia meno mpaka ukaweza kuona ndani, ingawa ndani hapakuwa na cha kuona.

Kwenye kivuli alikuwemo mtu.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Nyanya, muuza nyanya. Watu walimwita hivyo tangu zamani, na hakuna aliyekumbuka tena kama ni kwa ajili ya biashara yake au ya wajukuu. Mkono wake mmoja, kuanzia begani hadi kwenye kiganja, ulikuwa na ngozi inayong'aa, iliyokunjamana kama mfuko wa plastiki uliokaribia moto. Mama Meno alikuwa akipita uwanjani akitoka kazini, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Panda upesi. Mwenzio bado hajapewa uji wake wa saa nne."

"Nyanya umejuaje?"

Nyanya akaonyesha kwa kidevu. Pale mbele ya kivuli, ambapo pangekuwa na kiti, palikuwa na kivuli cha kichwa kilichovaa helmeti. Kilikuwa kimeinama kando, kama kichwa cha mtu anayechungulia kisima.

"Jirani yako akimlisha, tunamwona anatafuna," alisema Nyanya. "Leo hajatafuna."

Mama Meno alipanda ngazi. Jirani aliyeachiwa ufunguo alikuwa amesahau, kweli, na uji ulikuwa umeganda kwenye sufuria. Kapteni alikuwa amelala na shingo yake imeinama kando, kama alivyozoea tangu kiharusi, na hata kabla ya kiharusi. Akainua mkono wa kushoto, akajikuna pua.

"Anajikuna!" mtoto mmoja akapiga kelele kule chini, na watu wakacheka.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Mama Meno akiwa kazini, uwanja ndio uliomlinda mgonjwa. Akikohoa sana, fundi viatu alipanda kumwinua. Akilala, wauzaji walipunguza sauti za kuitia wateja. Mama Meno alianza kupata usingizi kidogo wa mchana, jambo ambalo hakulipata tangu mumewe aanguke. Aliwashukuru. Walimwambia si neno.

Siku moja alisimama kununua nyanya. Nyanya alikuwa akichagua, akizigeuza moja moja kwa ule mkono unaong'aa.

"Ndiye yule yule," alisema, bila kuinua macho.

"Nani, Nyanya?"

"Wako huyo. Siku ile ndege ilipita mara mbili. Mara ya kwanza sikuona ndege, niliona moto. Mara ya pili nilikuwa nimelala mtaroni, mjukuu wangu chini yangu. Ilipita chini chini, polepole, mabawa matupu kama hivi, haina kitu tena. Kivuli chake kikanipita juu ya mwili, na mimi nikakiona kichwa. Kilikuwa kimeinama hivyo hivyo. Shingo ile siwezi kuisahau, maana ndiyo iliyokuwa kitu cha mwisho kupita kabla mjukuu hajanyamaza." Akaweka nyanya kwenye mizani. "Nikuwekee zilizoiva au ngumu?"

Mama Meno alisema, "Siku ile alikuwa kwa daktari wa meno."

"Ndivyo tunavyosikia," alisema Nyanya. "Nikuwekee zilizoiva?"

"Ngumu," alisema Mama Meno. "Zilizoiva hazikai."

Ngazi za nyumba ile zilikuwa ndefu siku zote. Alizipanda akikumbuka jambo ambalo hakuwa amelisahau. Alikuwa tu hajaligusa. Mapazia ya zahanati yalikuwa bado yananuka moshi siku Kapteni, kijana mrefu wakati ule, alipoingia akicheka, mkono mdomoni. Alimfungua kinywa, akapitisha kidole kwenye pengo ili achukue alama. Ufizi wa jino lililong'olewa juzi ni laini, unavuja, ukiugusa mtu anaruka. Ufizi ule ulikuwa mgumu na wenye kuteleza kama sabuni iliyotumika, umeshajifunga, umeshasinyaa. Kidole chake kilisimama hapo kwa muda. Kisha kikaendelea na kazi.

Alimkuta mumewe macho. Akaziweka nyanya mezani, karibu na kopo la pamba.

"Jino lako uling'oa lini?"

Kapteni aliitazama dari. "Jino langu unalijua kuliko mimi."

"Ndiyo maana nauliza."

Kule chini mtu alinadi vitunguu. Kapteni alilamba midomo.

"Lilikuwa limeshang'oka zamani," alisema. "Kabla ya masika."

"Najua. Ufizi ulikuwa umepona."

"Ulijua?"

"Kidole kilijua."

"Mbona hukuniuliza?"

Mama Meno alikaa kwenye ukingo wa kitanda kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Aliichunguza mikono yake, ambayo ilikuwa na vumbi la waridi kwenye kucha.

"Ulikuwa unacheka umeziba mdomo kwa mkono," alisema. "Nilitaka uuondoe mkono."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, lakini hawakusema nguo yenyewe nani aliyeishona.

"Kutoka juu hakuna watu," Kapteni alisema baadaye. "Kuna mabati. Yanametameta kama maji. Unaambiwa bati lipi, unalitafuta, unalipata."

"Na mara ya pili? Wanasema ulirudi."

Kapteni akafumba macho, kichwa kikaanguka upande wa mto.

"Kalala!" sauti ikapanda kutoka uwanjani. "Shusheni sauti, kalala!"

Mama Meno akatoka hadi roshani. Wote walikuwa wamegeuza nyuso juu, wanamngojea, vidole midomoni.

"Hajalala," akawaambia. Akaichukua ndege kwa mikono miwili, akaiingiza ndani, akaitia kwenye boksi lake, akalirudisha boksi juu ya kabati.

Jua likarudi uwanjani kana kwamba lilikuwa limezuiliwa mlangoni. Siku iliyofuata mboga zilinyauka kabla ya adhuhuri. Watoto walilia. Mtu mmoja alizimia kwenye foleni ya maji, akamwagiwa maji yale yale aliyokuwa anayapangia foleni. Hakuna aliyepiga kelele chini ya roshani. Mama Meno alipita katikati yao akienda kazini na akirudi, na wote walimsalimia kama kawaida, jambo ambalo lilimchosha kuliko matusi. Jirani alisahau uji tena, na safari hii hakuna aliyejua.

Ndipo Nyanya akapanda ngazi. Alipumzika kwenye kila ghorofa. Walimsikia akihema mbali kabla ya kubisha hodi. Alikuwa amebeba nyanya chache kwenye kitambaa, kama anavyobeba mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

"Pole na kuumwa," akamwambia Kapteni.

"Ahsante, mama. Karibu kiti."

Nyanya akakaa. Alimtazama shingo kwa muda, kama mtu anayelinganisha kitambaa na sampuli. Mama Meno alisimama mlangoni. Hakuleta chai.

"Nina swali moja tu," alisema Nyanya. "Nimekaa nalo, limeniotea mizizi. Ile mara ya pili, ulirudi kutafuta nini? Maana ulikuwa umeshamaliza."

Kapteni akasema, "Redio iliniagiza nirudi nitazame kilichobaki."

"Ukatazama?"

"Nilitazama."

"Ukaona nini?"

"Niliona bado pamebaki mabati mengi. Na watu kwenye mtaro. Nikawaambia kwenye redio kwamba hakuna kitu kilichobaki." Mkono wake wa kushoto ukapanda polepole hadi mdomoni. "Ningesema pamebaki, wangemtuma mwingine."

Ukucha wake ukaligonga jino. Tik tik.

Mama Meno aliusikia mlio ule pale mlangoni. Aliusikia vizuri, kama alivyousikia mbele ya kila mgeni maisha yake yote ya ndoa. Angetoa chochote asiusikie siku ile.

Nyanya naye aliutazama mkono mpaka ukashuka.

"Kwa hiyo niseme ahsante," alisema.

"Sikusema hivyo, mama."

"Hapana, hukusema." Nyanya alikunja kitambaa chake. "Hilo nalo tutaliweka pamoja na jino."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Kwenye korido akamshika Mama Meno mkono, akasema kile kilichompandisha ngazi zote zile.

"Mwanangu, turudishie ndege. Na ukiirudisha, pua igeuze kidogo upande wa bomba, ili mkia uwafikie na wale wa vitunguu jioni. Wanasema wananyimwa."

"Nyanya, mtawezaje kukaa chini yake na mnajua?"

"Tulijua tangu kichwa kilipotokea. Tulikuwa tunakaa."

"Ndiyo nauliza mnawezaje."

Nyanya alimwangalia kama anavyoangaliwa mtoto anayeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Wewe unalala naye kitanda kimoja," alisema. "Mimi nakaa kwenye kivuli chake kwa sababu jua ni kali na paa hawajaleta. Tena kivuli kile si chake. Ni chetu, tulishakilipia. Kitoe ndani, mwanangu, nyanya zinaoza."

Mama Meno aliiteremsha ndege siku ile ile. Bawa la kushoto lilikuwa limeachia kwenye ungio. Alilijaza unga wa fizi, akalisugua, akaiweka ndege ukutani, pua kuelekea bomba. Chini wakahama na mikeka yao. Wale wa vitunguu wakampungia mkono.

Habari za kivuli zilifika manispaa, kama kila kitu kinachofika manispaa, baada ya kuwa kimezoeleka. Walimtuma bwana mmoja mwenye kofia na utepe wa kupimia. Alipima kivuli urefu na upana, akaomba kiti, akakaa chini ya bawa, akamenya chungwa alilopewa. Alikiri kuwa ni kivuli kizuri. Alipofika mbele akakiona kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Rubani," alisema fundi viatu.

"Ana ruhusa ya kuwa humo?"

"Yumo tangu zamani."

"Kuna mtu aliyewahi kulalamika?"

"Tulilalamika sote, bwana mkubwa. Tulilalamika mpaka tukawa wazee."

"Hilo ni la wakati ule," alisema bwana wa manispaa. "Naulizia sasa." Akafuta mikono kwa leso. Aliwaeleza kwa upole kwamba kwa kuwa kivuli kimeshapatikana bila gharama, paa la soko litaondolewa kwenye mipango, ili wapewe wengine wasio na kitu.

"Na mvua?" aliuliza Nyanya.

"Mvua ni idara nyingine, mama."

Alimaliza chungwa lake, akawashukuru kwa ukarimu, akaondoka. Mama Meno aliyasikia yote kutoka roshani, akiwa na shuka lililolowa mikononi. Alipoingia ndani alimweleza mumewe. Kapteni alisema jambo hilo si haki, na kwamba angekuwa na nguvu angewaandikia. Kisha akaomba ageuzwe.

Masika yalianza mapema. Mawingu yalifunika jua asubuhi, na ndege ilikaa ukutani bila kivuli chochote, kitu kidogo cha kijivu chenye maungio ya waridi, maji yakikitiririkia. Siku hiyo zahanati haikuwa na kazi. Mama Meno alitoa turubai la nailoni alilokuwa akifunikia magodoro, akashuka nalo. Uwanja ulikuwa umeshakuwa tope. Wauzaji walikuwa wamejikunyata juu ya bidhaa zao, kila mtu amekuwa paa la mboga zake. Alilitandaza turubai juu ya beseni la Nyanya na mikeka miwili mitatu ya jirani. Zaidi ya hapo halikutosha. Alishika pembe moja, Nyanya akashika nyingine kwa ule mkono unaong'aa. Walisimama hivyo muda mrefu, maji yakiwapiga usoni.

"Pandeni kwangu," alisema mwishowe Mama Meno. "Ngazini hapanyeshi."

"Na vitu tumwachie nani?"

Turubai lilijaa maji katikati, wakaliinua kuyamwaga, likajaa tena. Nyanya akampokea pembe, akaifunga kwenye bomba.

"Nenda juu, mwanangu," alisema. "Leo hatumwoni. Hatujui kama amekula."

Mama Meno alipanda, akishika ukuta. Kapteni alikuwa macho, uso ameuelekeza kwenye roshani, akisikiliza mvua inavyopiga mabati ya zahanati.

"Wapo?" aliuliza.

"Wapo."

"Wanalowa?"

"Wanalowa."

Kapteni alifikiri kidogo. "Ungewaambia wapande juu."

"Nimewaambia."

Mama Meno akavua viatu, akaviegemeza mlangoni vichuruzike, akaenda kuwasha jiko.